Nilipogawa gridi kwa mbili

Jumatano iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliingia ofisini na grafu mkononi. Mstari wa modeli ulikuwa umepita juu ya nukta za vipimo kana kwamba mtu ameufuatisha kwa kalamu. Aliiweka mezani, akabaki amesimama ameshika mgongo wa kiti, akisubiri. Nilimpongeza kwa moyo wote, maana najua miezi iliyolala chini ya mstari ule. Kisha nikamwuliza, "Umegawa gridi kwa mbili?" Yaani, umevikata nusu vile visanduku ambavyo kompyuta hufanyia hesabu?

"Bado, Dokta. Lakini si unaona inakubaliana na data?"

Niliona. Nami niliwahi kusimama pale pale aliposimama, nikiwa na grafu nzuri kuliko ile, na nikasema maneno hayo hayo. Nilimwomba akajaribu halafu arudi. Alipotoka nikabaki nikiwaza kwamba habari yangu ya mwaka ule sijaiandika popote. Haimo katika tasnifu yangu, haimo katika makala yoyote. Leo naiandika.

Mimi ni mtu wa vitu vinavyosafiri ndani ya maji. Katika idara ya hisabati tumizi kila mtu ana chake: jirani yangu wa kushoto anashughulika na nyufa ndani ya chuma, wa kulia na namna maradhi yanavyoenea. Ukituuliza kwenye korido kila mmoja atakwambia anafanya kitu cha peke yake, lakini ukitazama ubao wa kila ofisi utakuta milinganyo inayofanana kama ndugu wa tumbo moja. Kinachoingia, kinachotoka, kinachoongezeka hapa kwa sababu kimepungua pale.

Wangu unasema hivi: kiasi cha kitu mahali fulani mtoni hubadilika kwa sababu mbili. Mkondo unakichukua na kukipeleka mbele, na chenyewe kinatawanyika. Basi. Ukiuandika kwa alama hauzidi nusu ya mstari ubaoni. Sehemu ya kwanza hubeba mwendo wa maji, u. Ya pili hubeba namba moja tunayoiita kizigeu cha mtawanyiko, D, inayopimwa kwa mita za mraba kwa sekunde. Ukizijua hizo mbili unaweza kumwambia mtu aliye chini ya mto kwamba sumu iliyomwagika asubuhi itamfikia saa ngapi, itakuwa nzito kiasi gani ikifika, na itachukua muda gani kupita. Mtu huyo atafunga au hatafunga mabomba yake kwa kufuata namba yako. Sijawahi kulisahau hilo, hata katika mwaka ninaouelezea hapa.

D ina historia ninayoipenda. Mwaka 1953 G. I. Taylor alieleza kinachotokea kwa rangi iliyotiwa ndani ya mrija mwembamba wenye maji yanayotembea taratibu. Maji ya katikati ya mrija huenda mbio kuliko yote, na yanayogusa ukuta hayaendi kabisa. Ungetarajia rangi ivutwe iwe kama ulimi mrefu, na mwanzoni ndivyo inavyokuwa. Lakini chembe za rangi haziishi mahali pamoja. Zinahama, kutoka katikati kwenda ukutani na kurudi, kwa hiyo kila chembe hupata zamu yake ya kukimbia na zamu yake ya kusubiri. Baada ya muda wa kutosha rangi yote husafiri kwa mwendo wa wastani wa maji, na hutawanyika kana kwamba ina D yake mpya, kubwa mno kuliko ile ya molekuli. Na jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba kadiri molekuli zinavyohama polepole kwenda upande, ndivyo rangi inavyotawanyika zaidi kufuata mrija. Nikiwa mwaka wa tatu nilirudia hesabu ile mara tatu, nikidhani nimeandika ya juu chini. Nilikuwa sijakosea. Chembe inayochelewa kubadili njia hukaa muda mrefu katika njia yake, ya haraka au ya polepole, na huko ndiko umbali kati ya chembe na chembe unakozaliwa. Siku ile ndipo nilipoamua nitakaa katika idara hii.

Mtoni mambo ni yale yale kwa ukubwa wake: maji ya katikati na maji ya kando hayalingani mwendo, na tofauti hiyo ndiyo mtawanyaji mkuu.

Nilipoanza uzamivu nilipewa data. Kaka mmoja wa idara ya rasilimali za maji, naye akiwa mwanafunzi wa uzamivu, alikuwa amemwaga rangi ya rhodamine WT katika mto mmoja na kuchukua sampuli katika vituo vitatu, cha mwisho kikiwa kilomita 9 kutoka mahali pa kumwagia. Mto ulikuwa na upana wa mita 23, kina cha mita 1.5, na mwendo wa nusu mita kwa sekunde. Wingu la rangi lilichukua zaidi ya saa moja kupita kituo cha kilomita 5. Alisimama majini siku nzima akijaza chupa na kuandika dakika kwenye kila kizibo. Mimi nilizipokea zile namba zikiwa jedwali safi kwenye barua pepe.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta D ya mto ule. Unaandika programu inayotatua mlinganyo, unajaribu D hii na ile, unachagua ile inayoleta mstari wako karibu na vipimo kuliko zote. Ili kompyuta iweze, unaukata mto kuwa visanduku. Vyangu vilikuwa vya mita 100. Unaukata na muda pia. Hatua zangu zilikuwa za sekunde 100. Kwa sehemu ya mkondo nilitumia njia ya kwanza ambayo kila mtu hufundishwa: kisanduku hupokea kutoka kwa jirani yake wa nyuma, upande maji yanakotoka, na hakitazami kwingine. Ni njia tulivu. Haitoi namba za ajabu.

Nilikuwa na uangalifu, au ndivyo nilivyojihesabu. Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha mwaka 1928, kabla hapajawa na kompyuta ya kufanyia hesabu hizo, kwamba hatua ya muda isiwe ndefu kiasi cha maji kuruka kisanduku kizima kwa mara moja. Uwiano huo tunauita namba ya Courant, na kwa njia yangu haupaswi kuzidi 1. Wangu ulikuwa 0.5. Niliuandika kwenye ukurasa wa mbele wa daftari na kuupigia mstari, nikalala usingizi.

Programu ikanipa D sawa na 6. Mstari ulipita kwenye nukta za kituo cha pili na cha tatu kama ule wa mwanafunzi wangu.

Sita ilikuwa namba ndogo. Fomula ya Fischer, ambayo wahandisi wa mito huitumia sana, ilinipa karibu 19 kwa upana, kina na mwendo ule. Lakini fomula hiyo ni makadirio, na kutofautiana nayo mara tatu hakumshtui mtu yeyote katika fani. Kwa hiyo sikuuliza kama 6 ni kweli. Niliuliza *kwa nini* mto huu unatawanya kidogo hivi, na nikapata jibu. Kingo zake zilikuwa wima, sakafu yake tambarare. Mto wenye umbo la namna hiyo una tofauti ndogo ya mwendo kati ya katikati na kando. Tofauti ikiwa ndogo, mtawanyiko unakuwa mdogo. Taylor mwenyewe alikuwa upande wangu. Niliandika sura nzima ya tasnifu, kurasa 31, na kutoka katika sura hiyo makala iliyokwenda kwenye jarida ikiwa na jina langu, la msimamizi wangu, na la yule kaka.

Alipoisoma rasimu aliniambia jambo moja tu. "Dada, mimi nimesimama ndani ya maji yale. Hauonekani mto mvivu wa kuchanganya." Nilimshukuru. Nilimweleza habari ya kingo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hisabati ninaijua mimi. Maneno hayo nilipaswa kuyachukulia kwa uzito mkubwa kuliko fomula yoyote, kwa kuwa katika watu watatu wa makala ile ni yeye peke yake aliyekuwa ameuona mto.

Wahakiki wa jarida walirudisha maoni baada ya miezi minne. Mmoja aliomba vitu vidogo vidogo, na kimojawapo kilikuwa hiki: mchoro wa nne uonekane laini zaidi, kwa kuwa mstari ulikuwa na kona pale visanduku vinapokutana. Hakukuwa na kitu kingine nyuma ya ombi hilo. Nikabadilisha 100 kuwa 50, umbali na muda vyote viwili, nikaacha programu itembee huku nikisahihisha karatasi za mtihani wa mwaka wa kwanza. Niliporudi kutazama, kilele cha wingu kilikuwa kimepanda kwa asilimia 23.

D ilikuwa ile ile. Mto ule ule. Rangi ile ile. Nilichobadilisha ni upana wa visanduku nilivyochora mimi.

Nilidhani nimegusa mstari fulani wa programu kwa bahati mbaya. Nikarudisha nakala ya zamani, nikagawa tena: 23. Nikagawa mara ya pili, visanduku vya mita 25, na kilele kikawa kimepanda kwa asilimia 42 kuliko cha mwanzo. Nikagawa mara ya tatu, namba zikalipuka, zikajaa skrini kwa tarakimu zisizo na maana, kwa sababu sehemu ya mtawanyiko nayo ina mpaka wake wa uthabiti na hapo nilikuwa nimeuvuka. Ilikuwa saa tano usiku. Katika chumba chetu cha meza nne nilikuwa nimebaki peke yangu.

Nilizima kompyuta, nikachukua karatasi. Msimamizi wangu alikuwa na msemo kwamba ukiona programu inakushinda, ifanye wewe kwa mkono, hatua tatu tu. Nikachora visanduku sita. Nikaweka D sawa na sifuri, yaani mto usiotawanya kitu kabisa. Nikatia gramu 100 katika kisanduku cha kwanza na kuacha vingine vitupu. Katika mto wa namna hiyo gramu 100 zinapaswa kusafiri zote pamoja, kama gunia ndani ya mtumbwi. Kisha nikafuata maagizo ya programu yangu mwenyewe, neno kwa neno. Maji hutembea mita 50 katika sekunde 100, ambayo ni nusu ya kisanduku, kwa hiyo kila hatua chukua nusu ya kilichomo, peleka mbele.

Hatua ya kwanza: 50, 50.

Ya pili: 25, 50, 25.

Ya tatu: 12.5, 37.5, 37.5, 12.5.

Nilikaa nikizitazama. Moja, mbili, moja. Moja, tatu, tatu, moja. Ni pembetatu ya Pascal, ile ya shule ya sekondari, na kila anayeijua anajua inakoelekea ukiendelea kushuka: umbo la kengele. Mto usio na mtawanyiko hata chembe ulikuwa unanichorea wingu la kengele, zuri, laini, lenye sura ile ile hasa ya wingu la rangi katika mto wa kweli.

Sababu yake ilikuwa wazi nilipoiona. Programu haijui kitu kiko upande gani wa kisanduku. Ikipokea gramu 50 mlangoni inazieneza mita 100 zote papo hapo, na hatua inayofuata nusu ya hizo huvuka mpaka wa mbele, ingawa katika maji ya kweli hazijafika hata karibu. Kila hatua hufanya hivyo, mamia ya hatua mfululizo. Ni mtawanyiko ambao mto haukuufanya. Niliufanya mimi kwa kukata.

Na una ukubwa unaojulikana. Usiku ule nilitumia mfululizo wa Taylor, Brook Taylor wa karne ya 18 na siyo G. I., kuuliza programu yangu inatatua mlinganyo gani hasa. Njia hiyo Warming na Hyett walikuwa wameieleza vizuri tangu 1974. Mimi niliisoma nikiwa shahada ya uzamili, nikaijibia swali la mtihani, nikaifunga. Jibu lake ni hili: chukua mwendo wa maji, zidisha kwa upana wa kisanduku, gawa kwa mbili, kisha zidisha kwa moja kutoa namba ya Courant. Nusu mita kwa sekunde mara mita 100 ni 50. Gawa kwa mbili, 25. Mara nusu, 12.5.

Sita jumlisha 12.5 ni 18.5.

Fomula ya Fischer ilikuwa imenipa 19.4, na nilikuwa nimeandika kurasa 31 kueleza kwa nini imekosea.

Kilichoniuma si hesabu, hesabu ilikuwa nzuri. Kiliniuma kile kisa cha kingo. Kilikuwa na mantiki, kilikuwa na fizikia sahihi, msimamizi wangu alikipenda, wahakiki wawili walikisoma wasiseme neno. Nilikuwa nimeeleza kwa ustadi kitu ambacho hakipo. Tangu siku ile nimekuwa na hofu ya heshima kwa maelezo yanayokuja haraka. Akili iliyofundishwa vizuri inaweza kupata sababu ya namba yoyote utakayoipa, na kadiri ilivyofundishwa vizuri ndivyo sababu inavyopendeza.

Jambo lingine linahusu neno *kukubaliana*. Mstari wangu ulikubaliana na data kwa sababu niliiacha D huru na kuiambia programu itafute inayofaa. Kizigeu kilichoachwa huru humeza kosa lolote lenye sura kama yake. Mto ulitaka 18.5, visanduku vyangu vilikuwa vimekwisha kutoa 12.5, programu ikatafuta kilichobaki, ikapata 6, na ikanionyesha mstari usio na kasoro. Ulinganifu ule ulikuwa wa kweli. Haukuwa ushahidi wa D. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja ningetaka kila mwanafunzi atoke nacho katika idara yetu, ni tofauti kati ya hizo sentensi mbili.

Asubuhi nilikwenda kwa msimamizi na karatasi yangu ya visanduku. Nilimwita Mwalimu siku zote, ingawa wengine walimwita Profesa. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Aliandika 1, 2, 1 ubaoni kwa chaki, kisha 1, 3, 3, 1, akasogea nyuma. "Binti yangu, na mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikuuliza vipimo vyake, nilikuuliza namba ya Courant. Hili sikukuuliza." Hakunilaumu, wala hakunipunguzia. Tulikubaliana kuiondoa makala siku hiyo hiyo. Barua kwa mhariri ilikuwa na sentensi nne, na ilinichukua mchana mzima kuiandika.

Kwenda kwa yule kaka kulikuwa kuzito zaidi. Makala ile ingekuwa yake ya kwanza, na alikuwa anaihitaji kwa ajili ya ombi la ufadhili lililokuwa linafungwa mwezi huo. Nilimkuta maabara anaosha chupa. Nilipomaliza kueleza aliniuliza kama chupa zake, yaani vipimo vyake, bado ni sahihi. Nikamwambia ndiyo, vyote, hakuna kilichoguswa. Akasema, "Basi mto bado upo," akarudi kwenye chupa. Ufadhili ule hakuupata. Alipata mwingine mwaka uliofuata, lakini ninajua hasara ile ilitoka mezani kwangu.

Katika fomu zetu za tathmini ya mwaka kuna mahali pa kujaza idadi ya makala, idadi ya wanafunzi, idadi ya makongamano. Hakuna mahali pa mwezi uliotumia kugundua kwamba ulichojua sicho. Mwaka ule nilijaza sifuri kwenye makala, na mtu aliyesoma fomu yangu akaniuliza kama niliumwa. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini ninaamini watu wengi katika kazi hii wana mwezi kama ule, na kwa kuwa hauna kisanduku cha kujazwa, hausimuliwi, na kila mwanafunzi anafika pale pale akidhani ni yeye peke yake.

Kurekebisha kulikuwa na mafunzo yake. Kwanza nilikimbilia njia ya Lax na Wendroff ya mwaka 1960, ambayo ni ya daraja la pili, yaani kosa lake hupungua haraka zaidi kadiri visanduku vinavyokuwa vidogo, na haina mtawanyiko ule wa kukata. Nikapata mstari mwembamba ulionyooka vizuri, na nyuma yake mawimbi madogo, na ndani ya mawimbi hayo rangi hasi. Kasoro miligramu mbili kwa mita ya ujazo. Hakuna mto wenye upungufu wa rangi chini ya sifuri. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili kile Godunov alichothibitisha katika makala ya mwaka 1959: njia ya mstari, yaani inayotumia kanuni ile ile kila mahali bila kutazama data, kama haizui vilele vipya haiwezi kuzidi daraja la kwanza. Ukitaka usahihi na ukitaka pia namba zisipotoke, lazima njia yenyewe iache kuwa ya mstari. Lazima itazame data na kuamua, hapa ni laini, tumia daraja la pili, hapa pana mteremko mkali, rudi kwenye tahadhari. Van Leer na wenzake waliijenga hiyo miaka ya 1970. Nilipoiandika kwa mkono wangu kwenye programu, mistari kama arobaini hivi, niliona uzuri ambao sikuuona nilipoisoma. Ni kanuni inayojua mahali pa kujizuia.

D mpya ikawa 18.3. Nikagawa gridi: ikabadilika kwenye tarakimu ya tatu. Nikagawa tena: haikubadilika. Jedwali la mabadiliko hayo tuliliweka katika makala mpya, kabla ya mchoro wowote wa mto. Sura ya kingo niliifuta.

Mwanafunzi wangu alirudi Alhamisi mchana. Safari hii alikaa. Kilele chake kilikuwa kimepanda kwa asilimia 9 na alikuwa amekwisha kujua maana yake; alikuwa na karatasi yenye visanduku. Tulikaa saa mbili. Nilimweleza habari hii yote, na nikamwambia aende kwa mtu aliyempa data kabla ya kunijia tena mimi, amwulize mto unafananaje ukiwa umesimama ndani yake.

Kuna kitu kimoja kilichobaki kutoka zile chupa. Katika kituo cha mwisho, kilomita 9, wingu lilipokwisha kupita, rangi haikuisha. Ilibaki kidogo kidogo kwa muda mrefu, mkia mwembamba ambao kengele haina. Nilipokuwa na D sawa na 6 sikuuona kabisa, nilidhani ni kelele za kipimo. Nilipopata 18.3 ukawa bado upo, juu ya mstari wangu, kila nukta upande mmoja. Nikagawa gridi mara nne nikiutazama. Haukusogea. Kisha yule kaka akaniambia kwamba kabla ya kituo kile mto una mapango ya maji yaliyotuama chini ya mizizi ya kingo, na kwamba alipoingiza mkono mle jioni, rangi ilikuwa bado imo. Bencala na Walters walikuwa wameandika mlinganyo wa maji ya namna hiyo mwaka 1983, wenye sehemu ya pili inayoshika kitu na kukiachia polepole. Ndio uliopo ubaoni kwangu sasa, na yeye anakuja Jumatatu na vipimo vya mapango.